Kijidaftari, simu au kadi: dondoo zako uziweke wapi?

Chukua dondoo hii: "150 fundi jmosi". Siku ilipoandikwa ilijitosheleza. Wiki tatu baadaye hakuna awezaye kusema kama 150 ni laki na nusu aliyolipwa fundi, anayodai, au aliyoitaja kama bei ya kazi. Fundi yupi, wa bomba au wa umeme? Na Jumamosi ni ya kuja au ya kulipwa? Iweke kando ya hii: "17/6. Fundi bomba: kazi 150,000, nimempa 80,000, bado 70,000. Anamalizia choo cha nje Jmosi 21/6." Tofauti ya muda wa kuziandika ni sekunde chache tu.

Naanza hapo kwa sababu ubishi wa daftari au simu huhusu chombo, ilhali nusu ya tatizo iko kwenye maandishi yenyewe. Dondoo mbovu ni mbovu popote ilipo. Ukishajua kuandika dondoo inayoeleweka, ndipo chombo kinapoanza kuleta tofauti, na tofauti hiyo huonekana zaidi siku ya kuisoma kuliko siku ya kuiandika.

Vyombo ninavyolinganisha ni vitatu. Kuna kijidaftari cha mfukoni na kalamu yake. Kuna simu, iwe ni programu ya kuandikia au ule mtindo wa kujitumia ujumbe WhatsApp. Na kuna kadi, yaani vipande vya karatasi visivyoshonwa pamoja, kila kimoja na jambo lake. Vikaratasi vya rangi vyenye gundi nimeviacha nje. Gundi yake, iliyopatikana mwaka 1968 katika maabara za 3M, haishiki kwa nguvu, na kazi yake inafanana nayo: kibandike leo, kesho kitupe.

Nimevipima kwa mambo sita: wepesi wa kuandika jambo linapotokea, urahisi wa kulipata tena, kudumu na usiri, kutumika na zaidi ya mtu mmoja, kinachobaki kichwani, na gharama. Sitaficha kwamba la pili nalipa uzito kuliko mengine.

Kuandika jambo linapotokea

Kijidaftari hakihitaji kuwashwa. Unakitoa, unaandika, unakirudisha, na jua la saa saba mchana halikifichi kama linavyoficha kioo cha simu. Shida zake ni mbili: kinataka kalamu, na kinataka mikono miwili. Ukiwa umesimama kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bomba, daftari halina msaada.

Hapo ndipo simu inapotamba. Dole gumba moja linatosha, tarehe inajiweka yenyewe, na ukichoka kuandika unajirekodi sauti. (Sauti nayo ina adhabu yake: kesho utalazimika kuisikiliza yote ili upate namba moja uliyoitaja mwishoni.) Ubaya ni kwamba unaifungua uandike, unakuta jumbe tatu za kundi la ukoo, unazijibu, na ulichotaka kuandika kimeshayeyuka. Tena simu nyingi huja zimepangwa kusahihisha Kiingereza, kwa hiyo zinakugeuzia maneno ya Kiswahili bila kukuuliza. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, uzime usahihishaji huo au uongeze Kiswahili kwenye orodha ya lugha, kabla hujafanya jingine lolote.

Mtego mwingine wa simu ni saa. "Kikao saa 2" kwenye daftari haina utata, kwa sababu anayeisoma ni mwenyewe na anajua ni asubuhi. Ukiipeleka hivyohivyo kwenye kengele ya simu, 2:00 ni saa nane usiku. Anayetumia kengele aamue mapema: dondoo iandikwe kwa maneno, "saa mbili asbh", na kengele iwekwe kwa hesabu ya simu, 8:00.

Halafu kuna heshima, ambayo haimo kwenye maelezo ya programu yoyote. Ukitoa simu mzee anapoongea, hata kama unaandika kila neno lake, yeye anaona unachati. Ukitoa daftari, anapunguza mwendo ili umfuate. Kwa anayehoji wazee, anayepokea maelekezo ukweni au anayehudhuria kikao cha serikali ya mtaa, hilo peke yake laweza kuamua.

Kadi ziko karibu na daftari: saba nane zilizobanwa kwa klipu kwenye mfuko wa shati. Upepo ni adui yake. Pia zinakudai uandike jambo moja tu kwa kila kadi, sharti ambalo mtu mwenye haraka halitii.

Kuipata tena

Simu ina sehemu ya kutafutia, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa. Andika "bomba" na kila ulichowahi kuandika kuhusu bomba kinajitokeza, cha jana na cha miaka mitatu iliyopita. Lakini inatafuta neno uliloliandika, si ulilolikusudia. Ukiandika "amekuja yule jamaa wa maji", utatafuta "bomba" hadi jioni. Anayeandika kwenye simu ajizoeze kumalizia dondoo kwa neno moja au mawili ambayo anajua ndiyo atakayoyatafuta.

Picha ni habari nyingine. Wengi tunapiga picha ubao, tangazo, au ukurasa wa mtu, tukijiambia tumeshaandika. Picha hiyo inakwenda kulala katikati ya picha za harusi, na sehemu ya kutafutia unayotumia kwa dondoo zako huenda isiione. Kama ni lazima upige, andika mstari mmoja kuieleza mahali unapoweka dondoo zako.

Kuhusu WhatsApp, zamani mtu alifungua kundi, akamwingiza ndugu yake, kisha akamtoa ili abaki peke yake. Tangu Novemba 2022 programu yenyewe ina sehemu ya kujitumia ujumbe. Ni rahisi kuliko zote kuanza nayo, na ni mbaya kuliko zote kuirudia, kwa sababu kila kitu hupanda juu kwa mpangilio wa tarehe: orodha ya soko, kiungo cha habari, namba ya kitambulisho, wazo la biashara. Kama sanduku la kupokelea ni nzuri sana. Kama ghala, hapana.

Kijidaftari kina ubaya huohuo wa kufuata tarehe, na hakina kitafutio. Dawa yake ni ya kale na bado inafanya kazi: andika namba kwenye kila ukurasa, na uache kurasa mbili za mwisho ziwe faharasa. "Madeni: 3, 9, 14. Shamba: 5, 6, 20." Mwaka 1686 mwanafalsafa Mwingereza John Locke alichapisha njia yake ya kufanya hivyo, akipanga mada kwa herufi ya kwanza ya neno na irabu ya kwanza inayoifuata. Akipewa Kiswahili angehangaika kidogo, maana kwetu M na K zingejaa kabla herufi nyingine hazijapata mgeni. Tumia majina ya mada badala ya herufi, mada kumi hadi kumi na tano zinatosha kitabu kizima.

Kadi zina tabia ambayo nyingine hazina: unaweza kuzihamisha. Dondoo ya Machi na ya Novemba zikihusu jambo moja, unazilaza pamoja. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Niklas Luhmann, mwanasosholojia wa Ujerumani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Bielefeld. Alianza kujaza masanduku yake miaka ya 1950, na alipofariki mwaka 1998 aliacha vipande takriban 90,000. Kipande kipya hakikuwekwa mwishoni mwa sanduku. Alikichomeka nyuma ya kile kilichohusiana nacho na kukipa namba inayozaliwa na ya mwenzake: baada ya 1 huja 2, lakini kinachoendeleza wazo la 1 kinaitwa 1a, na kinachoendeleza hicho ni 1a1. Kila namba ilibaki palepale milele, hivyo kipande chochote kiliweza kutaja kingine. Kwa msingi huo aliandika vitabu kwa makumi.

Watu husoma habari za Luhmann wakanunua kadi mia tano. Wasichokiona ni kwamba kuandika kipande ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuketi na kuamua kinakaa nyuma ya kipi. Asiyekuwa na muda huo kila wiki atabakiwa na rundo la karatasi lisilokuwa hata na tarehe za kulishika pamoja. Katika hilo kadi huadhibu uvivu kuliko daftari.

Kudumu na usiri

Kijidaftari kinafuliwa na suruali. Kinalowa jasho. Kalamu za jeli hutiririka zikiguswa na maji. Peni ya kawaida ya wino mzito inavumilia zaidi, na penseli inavumilia kuliko zote. Hakina nywila, kwa hiyo anayekiokota anasoma. Upande wa pili, hakuna kibaka anayekihitaji. Simu ndiyo anayoitaka, na simu isiyo na nakala rudufu kwenye akaunti yako inaondoka na kila kitu. Kama unaandika kwenye simu, hakikisha leo, si wiki ijayo, kwamba ukifungua akaunti hiyo kwenye kifaa kingine dondoo zako zipo. Ukiwa na nakala, simu inashinda daftari kwa mbali: hata iungue, maandishi yanabaki. Na ina kufuli.

Kadi zikianguka zinachanganyika. Zikiwa na namba utazipanga tena kwa nusu saa. Zisipokuwa nazo, basi. Kwenye boksi la viatu chini ya kitanda zinasubiriwa na mchwa na mende, na ukanda wa pwani unyevu nao haulali. Boksi la plastiki lenye mfuniko linasaidia.

Onyo moja linahusu karatasi ya aina ya pekee. Risiti za mashine za EFD hazichapwi kwa wino. Karatasi yake inapata maandishi kwa joto, na kwa joto hilohilo maandishi huondoka, hasa ikikaa kwenye dashibodi au kwenye pochi. Usiandike jambo la maana nyuma yake ukategemea upande wa mbele utakuwepo mwakani.

Inapokuwa ya watu wengi

Hapa matokeo hutofautiana sana, na inategemea kama mnaaminiana au mnachungana.

Fikiria orodha ya michango ya harusi kwenye kundi la WhatsApp. Mtu anainakili, anaongeza jina lake chini, anaibandika upya. Dakika hiyohiyo mwingine anafanya hivyo kwa orodha ya awali. Sasa zipo orodha mbili, moja ina jina namba 34 la shangazi, nyingine namba 34 ni ya mfanyakazi mwenzako, na mhazini asipokuwa macho ahadi moja inatoweka bila mtu kuifuta. Simu inafaa kwa kazi hii iwapo mtu mmoja tu ndiye anayeandika na wengine wanasoma, na iwapo safu ya "ahadi" na ya "taslimu" zimetenganishwa.

Msibani bado utaona daftari la rambirambi mezani, na si kwa ukale. Kila anayetoa anaona jina lake likiandikwa, na wanaoketi pale wanaona pia. Daftari la madeni la duka la mtaani linafanya kazi hivyohivyo: mangi anaandika mbele ya mteja, na mteja anachungulia kiasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni shahidi wa watu wawili. Simu ya mangi haimpi mteja nafasi ya kuchungulia.

Vikundi vya kuweka na kukopa vimelipeleka jambo hilo mbali zaidi. Katika mfumo ulioanzia Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, kila mwanachama ana kitabu chake kidogo, hisa anayonunua inagongwa muhuri mbele ya wote, na vitabu hulala ndani ya sanduku lenye makufuli matatu ambayo funguo zake zimegawiwa watu watatu. Hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri.

Na kadi? Watu wengi wasiojuana wakikusanya vitu vingi vya aina moja, kadi zina nafasi yake. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilijengwa hivyo: mhariri wake James Murray alitoa wito mwaka 1879, na wasomaji wa kujitolea wakatuma vipande vya karatasi, kila kimoja na neno, sentensi lilimotumika na kitabu kilikotoka. Vilifika mamilioni. Leo kazi hiyo ungeifanya kwa jedwali la kompyuta, lakini darasa au kikundi cha utafiti kisicho na kompyuta kwa kila mtu bado kinaweza kuifanya kwa karatasi asubuhi moja.

Kinachobaki kichwani

Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti uliosambaa sana: wanafunzi walioandika kwa mkono walijibu maswali ya kuelewa vizuri kuliko walioandika kwa kompyuta, kwa sababu wa kompyuta waliandika neno kwa neno. Ukisikia mtu anasema sayansi imethibitisha kwamba kalamu ni bora, chanzo mara nyingi ni huo. Mwaka 2019 watafiti wengine waliurudia na tofauti haikujitokeza wazi namna ile. Nionavyo mimi, kinachobaki ni hiki: anayeandika kwa maneno yake anashika zaidi ya anayenakili, na mkono husaidia kwa kuwa ni wa polepole, haukuruhusu kunakili kila kitu. Anayejizuia kunakili kwenye simu anapata sehemu kubwa ya faida hiyo.

Walter Pauk wa Chuo Kikuu cha Cornell alipata njia ya kulazimisha jambo hilo kwenye daftari. Ukurasa unagawanywa kwa mstari wa wima. Kulia, upande mpana, unaandika wakati wa somo. Kushoto, upande mwembamba, unaandika baadaye maswali ambayo upande wa kulia unayajibu, na chini kabisa mistari miwili mitatu ya muhtasari. Unapodurusu unafunika kulia na kujiuliza. Kwenye kadi ni rahisi zaidi, swali mbele na jibu nyuma. Kwenye simu inawezekana kwa programu maalumu, ila nimeona wachache wanaoendelea nazo baada ya mitihani.

Gharama

Kijidaftari hakizidi sana bei ya soda mbili tatu. Kadi unazitengeneza: A4 moja ukiikata katikati mara mbili inatoa vipande vinne vya A6, ukubwa uleule aliotumia Luhmann, na karatasi ya manila inadumu zaidi. Simu unayo tayari, na programu nyingi za kuandikia, kama Google Keep iliyotoka 2013, ni za bure. Gharama yake ni bando la kuhifadhi nakala, na chaji.

Kwa hali yako

Kama siku yako ni ya barabarani, mikono imejaa, na dondoo zako nyingi ni namba, anwani na vitu vya kununua, simu inakutosha. Chagua mahali pamoja pa kuandika. Dondoo zilizotawanyika kati ya WhatsApp, programu ya simu na ujumbe wa kawaida hazitafutiki, hata kitafutio kikiwa kizuri namna gani.

Mwenye duka, saluni au karakana inayokopesha anahitaji daftari lililo wazi mbele ya mteja, la ukubwa wa kaunta buku kuliko la mfukoni, na kila jioni picha ya ukurasa wa siku hiyo kama nakala. Hapo picha inafaa, kwa kuwa ina kazi moja na tarehe yake.

Mwanafunzi anayesoma madesa ya wenzake usiku wa kuamkia mtihani hatasaidiwa na chombo chochote kati ya hivi. Anayeanza mapema, daftari la mistari ya Cornell kwa mihadhara na kadi kwa istilahi na tarehe vinakwenda pamoja vizuri. Simu aiache kwa ratiba.

Anayeandika kitu kirefu, tasnifu au historia ya ukoo, na atakayekirudia kwa miezi, ndiye hasa wa kadi. Lakini ajipime kwanza kwa kadi thelathini. Baada ya mwezi, kama ameshazihamisha na kuzipa namba, aendelee. Kama bado zimebanwa na klipu kwa mpangilio wa siku alizoziandika, kijidaftari chenye faharasa kitamfaa zaidi na hakitamlaumu.

Katibu wa kikundi aandike kwenye daftari kikaoni, kisha aweke maamuzi tu kwenye kundi siku hiyohiyo, yeye peke yake akiwa mwandishi.

Na wanaotumia vyote vitatu, ambao ni wengi kuliko wanavyokiri, wawe na siku moja ya wiki ya kuhamisha: kilicho kwenye simu na bado kina kazi kiandikwe kwenye daftari au kadi kwa maneno kamili, kiasi, tarehe na jina la mhusika, na kilichobaki kifutwe. Laki na nusu ya fundi ianze na hiyo.